Tembe Mbali na Ugogo

Mwanafunzi azuruye Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966, hulikuta tembe la Kigogo katika uwanja mmoja na msonge wa Kihaya. Kazi hiyo ya hifadhi ina sifa yake, wala siibezi. Lakini nyumba haisomeki mbali na ardhi yake. Paa la tembe ni bapa, la udongo uliotandazwa juu ya miti. Dodoma, penye mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, hiyo ni busara. Pwani, ambako mvua hupita milimita 1,000, paa hilo hilo laonekana kuwa kosa la mjenzi, na kijana wa mjini huondoka akiwacheka wazee wa Ugogo.

Afadhali darasa lisafiri, lilale kijijini japo usiku mmoja. Jioni, ng'ombe waingizwapo uani katikati ya vyumba, ndipo kijana atakapotambua kuwa nyumba ile ni zizi na ngome pia. Mabati, tusikatae, yameushinda udongo mahali pengi. Basi mwenyeji na aulizwe, kwa adabu, amepata nini na ameacha nini.