Jicho la Mkata Boriti

Hasara iliyoipata kazi ya kukata na kuuza miti ya mikoko katika visiwa vya Lamu husikika sokoni kabla ya kuonekana msituni, kwa maana mnunuzi wa siku hizi huenda akaagiza miti minene au miembamba na kuishia hapo, ilhali wazee wake walikuwa na jina kwa kila unene, na jina hilo peke yake lilitosha kumweleza muuzaji ni mahali gani mti huo utakaa katika nyumba. Lugha inapopoteza majina ya namna hiyo, kinachopotea pamoja nayo ni namna ya kuutazama mti, na biashara iliyojengwa juu ya mtazamo huo hubaki kama mzani usiokuwa na mawe.

Mpangilio wa majina hayo ulikwenda kwa daraja. Fito, zilizo nyembamba kuliko zote, zilisukwa na kufungwa katika kuta zinazokandikwa udongo; pau zilipandishwa juu kushika makuti ya paa; mazio yalisimama kati ya pau na boriti, yakifaa kwa kazi zinazohitaji nguvu bila kuhitaji uzito; boriti, zenye unene wa takriban sentimita 11 hadi 14, zilibeba dari; na nguzo, zilizo nene zaidi, zilibeba kilichobaki. Miti yote hiyo ilihesabiwa kwa korija, yaani fungu la miti 20, na bei ilitajwa kwa korija wala si kwa mti mmoja, hivyo kwamba mkataji aliyechanganya pau ndani ya korija ya mazio alijulikana mara tu fungu lilipofunguliwa, na jina lake likaharibika katika madiko yote ya kushushia mizigo.

Katika daraja hizo zote, boriti ndiyo iliyopewa heshima kubwa, na heshima hiyo ilikuwa na sababu yake. Nyumba za mawe za Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari lake ni zito mno, kwa hiyo hapana kuta mbili zilizoweza kuachana kwa umbali unaozidi urefu ambao boriti moja iliyonyooka ingeweza kuuvuka bila kupinda, nao ni kama mita tatu au pungufu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo, kuanzia misana, yaani kumbi zilizo karibu na kiwanda (ua wa nyumba), hadi vyumba vya ndani kabisa, ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na upana unaokaribiana na wa mwenzake. Wageni husifu nakshi za milango na zidaka za ukutani, na sifa hizo ni za haki, lakini aliyeamua ukubwa wa chumba hakuwa fundi wa nakshi wala mwashi. Kipimo kilitoka matopeni, kwa mtu aliyesimama na shoka akiukadiria mti kwa jicho.

Vifaa vya mtu huyo vilikuwa vichache kiasi cha kumfanya asiyejua adhani kwamba kazi yenyewe ni nyepesi: shoka, panga la kupunguzia matawi, tupa au kinoo cha kunolea, kamba, upondo wa kusukumia chombo katika maji haba, chandarua, na maji ya kunywa yaliyobebwa kutoka nyumbani, zamani katika mitungi na baadaye katika madumu, kwa kuwa ndani ya mikoko hakuna kisima. Chombo kiliingia katika hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaopenya msituni, wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Na aliyechelewa kupakia hadi maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai vya kutosha, alikaa na mzigo wake akisubiri, akila akiba yake na kuumwa na usubi. Isitoshe, mti wa mkoko uliokatwa karibuni ni mzito kiasi cha kuzama, kwa hiyo hauwezi kuelea majini kama magogo ya miti mingine, na kila boriti iliyowahi kufika Lamu ilitolewa msituni juu ya bega la mtu aliyezama matopeni hadi magotini.

Hata hivyo, ustadi wenyewe ulikuwa katika kuchagua zaidi kuliko katika kubeba. Mkataji aliyefunzwa aliutambua mkandaa, ambao hutoa fito na pau zilizonyooka, akautofautisha na mchu, ambao kwa kupinda kwake hufaa mataruma, yaani mbavu za vyombo, kuliko dari. Na alijua kwamba mchu ukikatwa huchipua tena, bali mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, ukikatwa chini ya majani yake hufa moja kwa moja. Kuukata mkoko kulikuwa uamuzi usiorudi nyuma, na kwa sababu hiyo jicho lilitangulia shoka: mazio yaliyokaribia kuwa boriti yaliachwa yamalizie ukuaji wao, na mti mama, ambao miche yake huota ikiwa ingali tawini kabla ya kudondoka na kujichomeka topeni, uliachwa usimame. Majina ya sokoni yalikuwa pia sheria ya msituni, kwani anayejua tofauti ya thamani kati ya mazio na boriti ana sababu ya kusubiri.

Biashara hiyo ilivuka bahari kwa karne nyingi, ikipeleka boriti katika nchi za Ghuba zisizokuwa na miti ya kujengea, na huko Kuwait ziliitwa chandal. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers, akiwa ndani ya chombo cha Kuwait, aliwashuhudia mabaharia wakipakia miti hiyo katika delta ya Rufiji, wakati ambapo saruji na chuma vilikuwa bado havijaingia Ghuba kwa fedha za mafuta. Upande wa Kenya, misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Usafirishaji wa boriti nje ya nchi ukapigwa marufuku mwaka 1982. Na marufuku ya ukataji iliyotangazwa Februari 2018 kwa misitu ya serikali ikawakumba pia wakataji wa Lamu, ambao hawakuwa na shamba la kurudia.

Hata pale ukataji unaporuhusiwa, mkataji mdogo wa kijijini amebanwa pande zote. Kibali humgharimu kabla hajaangusha mti hata mmoja. Unga, maji na nauli ya chombo hukopeshwa na tajiri wa mjini, naye ndiye hupanga bei mzigo unaposhuka, ili deni lilipwe kwa korija. Na misitu ya karibu ikipungua, safari hurefuka bila bei kupanda. Katika hali hiyo kusubiri hugeuka kuwa anasa, na mwenye deni hukata mazio ambayo babake angeyaacha. Kisha hulaumiwa yeye kwa kuharibu msitu, na wanaomlaumu wamezoea kuliona shoka lake kuliko kuziona mashine zilizong'oa mikoko kwa ajili ya ujenzi mkubwa wa pwani. Miche hupandwa kwa sherehe, na ni jambo jema, ila mche wa mkoko huhitaji zaidi ya miaka 10 kufikia boriti, na jicho la kuitambua boriti hiyo halipandwi kwa sherehe. Hurithiwa ndani ya chombo, safari baada ya safari, na mwana asiyekwenda halirithi.

Mjini, boriti iliyochoka katika nyumba ya kale siku hizi hutolewa, na mahali pake hupita nondo na zege, vitu ambavyo vingeweza kuvuka upana mara mbili ya ule. Kuta hazisogezwi. Chumba hubaki chembamba kama kilivyokuwa, kikiutunza urefu wa mti usiokuwamo tena, na anayelala chini ya dari hilo jipya hana wa kumweleza ni kwa nini chumba chake kina upana huo.