Kupima Rap kwa Mizani ya "Ndio Mzee"

Nyimbo za rap zenye ujumbe ni nyingi. Zilizosukwa vizuri ni chache. Ujumbe mzito pekee hauufanyi wimbo uwe mzuri. Anayetaka kutenganisha pumba na mchele anahitaji wimbo mmoja wa kupimia, na mimi napimia "Ndio Mzee" wa Professor Jay, yaani Joseph Haule, uliomo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001.

Usuli wake ni huu. Tanzania ilirejesha mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, ikafanya uchaguzi mkuu mwaka 1995 na 2000. Wimbo ulipotoka, ahadi za kampeni zilikuwa bado zinavuma masikioni. Redio binafsi zilizoanza miaka ya 1990 zilikuwa zimewafungulia mlango vijana wanaochana kwa Kiswahili, na Haule alikwisha kujijengea jina katika kundi la Hard Blasters.

Sasa vigezo vyenyewe. Cha kwanza: nani anasema? Mtunzi dhaifu hushika maikrofoni akahubiri: viongozi waongo, wananchi amkeni. Jay anaingia katika nafsi ya mgombea mwenyewe. Hamtukani wala hamkatizi. Anampa jukwaa amwage sera. Mgombea anajianika kwa kinywa chake, na msikilizaji anafikia hukumu bila kushikwa mkono. Ukisikia wimbo unaokueleza kuwa mtu fulani ni mbaya, punguza alama. Ukiujua ubaya wake kwa jinsi anavyojisifu, ongeza.

Kiitikio kinafanya kazi gani? Katika nyimbo nyingi kiitikio ni mahali pa kupumzikia. Hapa umati ni mhusika wa pili, unaodakia kila ahadi kama wasikilizaji wa ngano wanavyomdakia mtambaji. Mgombea anaahidi mambo ya kawaida, anaitikiwa. Anaahidi mabomba yatoe maziwa, wanafunzi wa sayansi wakafanye mazoezi mwezini, anaitikiwa vilevile. Sauti ya umati haibadiliki, na hapo ndipo makali ya wimbo yalipo: kinachowezekana na kisichowezekana vinapokewa kwa shangwe moja. Kejeli ya kawaida humchoma mkubwa tu. Hii inamchoma na anayempigia makofi.

Vina vimelipiwa? Kiswahili kina ukarimu wa vina. Maneno yetu huishia kwa irabu, na viambishi vinajirudia, kwa hiyo kufunga mistari kumi kwa "-ni" au "-ana" si ufundi. Tazama kama kina kimeangukia mzizi wa neno lenye uzito, na kama neno hilo lingekuwepo hata bila kina. Kisha sikiliza pumzi. Jay anatamka kila silabi ikasikika, na anakata sentensi pale ambapo mhutubu angesubiri makofi, ili umati uijaze nafasi hiyo. Mtiririko wake umechotwa kwenye hotuba, hivyo namna ya kughani nayo inasimulia. Kasi isiyo na sababu ya namna hiyo ni mbwembwe.

Wimbo unavuka msimu wake? Mgombea wa "Ndio Mzee" hakufungwa kwenye sura ya mwanasiasa mmoja, ndiyo maana kila uchaguzi unampata akiwa hai. Mwaka 2015 Haule mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa bungeni hadi 2020. Kuanzia siku aliyopanda jukwaani kuomba kura, mizani aliyoitengeneza ilikuwa inampima na yeye. Wimbo uliotegemea jina la mtu au tukio la wiki usingeweza kumgeukia mtunzi wake namna hiyo.

Kati ya vigezo hivi, kwangu cha pili, kile cha kiitikio, ndicho kikuu. Sauti nzuri hupatikana, biti hununuliwa, na hasira dhidi ya wakubwa kila kijana anayo. Kumwingiza msikilizaji ndani ya wimbo, akacheka, akaitikia, kisha akagundua kwamba naye anashitakiwa, kunataka mtunzi anayewaheshimu watu wake kiasi cha kuwaambia ukweli. Rap inayofanya hivyo ipe nafasi ya juu, hata kama biti yake ni ya kawaida.