Jahazi la Ndara na Kijito Chetu

Sanaa nyingi za hadharani huletwa kwa lori, zikasimikwa kiwanjani, kisha wenyeji wakaalikwa kuzipigia makofi. Jahazi la Flipflopi, lililoshushwa majini Lamu mnamo Septemba 2018, limekwenda kinyume na hayo. Ndiyo maana tunaona linastahili kupimwa kama kazi ya sanaa, si kama tangazo la usafi tu.

Chombo hiki cha urefu wa mita 9 hivi kimeundwa kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na ubavuni kimevikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000 (wengine wetu huziita kandambili) zilizookotwa zaidi ufukweni. Sisi wahandisi tunaujua ugumu wake: plastiki haina nyuzi kama mti, hupinda ikielemewa na hutanuka juani. Hata hivyo fundi Ali Skanda na wenzake waliunda mkuku, mataruma na mbao kwa ustadi ule ule wa Lamu. Uzito wa kazi uko hapo. Mapema mwaka 2019 liliposafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kiasi cha kilomita 500, likitia nanga njiani ili watu waelimishwe, mvuvi hakuhitaji mkalimani. Aliona chombo anachokijua na taka anazozijua.

Kasoro ipo. Rangi zake zinapendeza mno, hata mtazamaji aweza kuondoka akidhani taka ni mali, na anayeizalisha plastiki asiulizwe kitu. Marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara 2019, yaligusa chanzo. Jahazi peke yake haliwezi hilo. Sanaa huamsha, sheria hufunga mlango.

Sisi wa Toongabbie tuna kijito kinachopeleka maji yake Mto Parramatta, hadi bandari ya Sydney. Chupa itupwayo huku yaweza kufika baharini. Siku ikipangwa sanaa ukingoni mwake, tusianze kuuliza kama inapendeza. Tuulize: Wadarug, wenyeji wa ardhi hii ambayo Pemulwuy aliipigania papa hapa mwaka 1797, wameshirikishwa tangu mwanzo? Mikono ya wakazi imo? Kijito kitapata nini? Isipokuwa na majibu, hilo ni pambo tu, na mapambo tunayo ya kutosha.