Mke Asiyenyamaza: Maneno Machache juu ya Wimbo wa Lawino

Wako waalimu wasemao ya kuwa kitabu kiitwacho "Wimbo wa Lawino" hakifai kuwekwa katika nyumba ya Mkristo, kwa sababu mle ndani mapadre wachekwa, na mafundisho yachekwa, na sala zachekwa. Hatuwalaumu wasemao hivi, maana kicheko hicho kimo kweli. Walakini twaona ya kuwa wamekisoma kama mtu asikiaye kilio katika nyumba ya jirani, akasema, "Mwanamke yule ana makelele," wala asiulize amefanyiwa nini. Basi leo twataka kuuliza neno hilo: Lawino amefanyiwa nini, naye amelinena kwa jinsi gani, na je, wimbo wake ni mwema?

Kwanza tueleze habari ya kitabu chenyewe. Mtungaji ni Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu, kaskazini ya Uganda, aliyezaliwa mwaka 1931 akafariki mwaka 1982. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, na mama yake alijulikana kwa nyimbo. Aliutunga wimbo kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ndiyo iliyotangulia kupigwa chapa, katika mji wa Nairobi, mwaka 1966. Kiacholi chenyewe kilifuata mwaka 1969, na mwaka 1975 Paul Sozigwa akautoa kwa Kiswahili. Sehemu zake ni 13, na katika hizo zote anenaye ni mmoja tu, Lawino, mke wa Ocol.

Mashitaka yake ni haya. Ocol alimposa Lawino katika ujana wao, wakati binti huyo alipokuwa kiongozi wa wasichana wenziwe na jina lake lilipovuma. Wakazaa watoto. Ocol akasoma mpaka chuo kikuu, akabatizwa, akawa mtu wa siasa. Sasa amempenda mwanamke mwingine, Clementine, ambaye humwita Tina. Huyu hujipaka poda usoni na rangi midomoni, na hujitahidi kufanana na wanawake wa Ulaya. Na Ocol hakutosheka kumpenda huyu. Amegeuka kumtukana yule. Amwita mkewe mjinga asiyejua herufi ya kwanza, mshenzi, mtu wa giza. Matusi hayo hayaishi kwake, bali yawafikia mama yake na ukoo wake wote.

Msomaji atakayetazama vema ataona ya kuwa mume huyu ana makosa mawili, na la pili limejificha nyuma ya la kwanza. La kwanza ni kwamba moyo wake umekwenda kwa mwingine. La pili ni kwamba ataka kuwa bwana wa kila pumzi ya yule aliyemwacha. Saa ya ukutani imekuwa sheria: kula kwa saa, kuoga kwa saa, hata mtoto anyonye kwa saa. Mtoto akilia wakati baba asomapo, nyumba yatetemeka kwa hasira. Mgeni akija, hakaribishwi. Aulizwa haja yake mlangoni kama mtu aliyekuja ofisini. Ocol ana ugomvi na ndugu yake kwa ajili ya vyama vya siasa, basi na Lawino akatazwa kutaniana na shemeji yake, ijapokuwa utani huo ni haki ya desturi. Naye akiuliza swali, hata swali juu ya Mungu, mume ajibu ya kuwa msomi hana nafasi ya kujadiliana na mtu asiyesoma.

Hili la mwisho ndilo tulionalo kuwa zito kuliko yote. Mwanamume aweza kumnyima mke nguo, na jirani wataona. Aweza kumpiga, na wazazi watasikia. Lakini kumnyima jibu ni kumzika akali hai, wala hapana jirani aonaye kaburi. Okot ameliona jambo hili, na umbo la wimbo wake latokana nalo: mke aliyenyimwa jibu nyumbani ananena peke yake kwa sehemu 13, na mume hapewi hata neno moja ila lile alisemalo mkewe kwa niaba yake. Tena twalisifu hili kwa kuwa halikuelezwa mahali popote. Msomaji alitambua mwenyewe kwa kusoma.

Sasa twafika penye fundo. Wakristo wengi wasomapo wimbo huu hushangaa kwa kuwa Lawino hamshitaki mumewe kwa uzinzi. Asema waziwazi ya kuwa hamzuii mume kuwa na mke wa pili, maana katika desturi aliyolelewa jambo hilo si ajabu, na wake wenza hushindana kwa upishi na kwa jembe. Akiri hata wivu wake, ya kuwa unamo moyoni kidogo, wala haifai kusema uongo. Basi, wengine husema, mwanamke huyu hana haki ya kulia, kwa kuwa mwenyewe ameruhusu.

Sisi twaona kinyume. Tumtazame Ocol kwa sheria zote mbili. Desturi ya kale ilimpa mume ruhusa ya kuoa wa pili, lakini ilimtwika na mzigo: amheshimu wa kwanza, awalishe wote, asiwatukane wakwe. Injili yamwondolea mzigo huo kwa kumwondolea ruhusa yenyewe: mke mmoja, na kifungo kisichofunguliwa. Ocol amefanyaje? Katika desturi ameichukua ruhusa akautupa mzigo. Katika dini ameuchukua ubora wa jina, na msalaba wa shingoni, na haki ya kuwaita wengine washenzi, kisha akaiacha amri. Amechuma katika mashamba mawili wala hakulima hata moja. Lawino hajui kumhukumu kwa amri ya Musa, lakini kwa ile sheria anayoijua yeye amempata na hatia; na sisi tuijuaye amri twampata na hatia mara mbili. Nabii Nathani alipomwendea mfalme Daudi hakuanza kwa kuitaja amri; alianza kwa habari ya maskini na mwana-kondoo wake. Mwenye hatia akajihukumu kabla ya kujua ni nani anayesemwa.

Tena na tutazame namna anenavyo. Aanza kwa mume mwenyewe, amwita kwa heshima na kumsihi. Asiposikilizwa, awageukia watu wa ukoo, na kulalamika mbele yao. Katika vijiji vyetu wanawake wengi huogopa hatua hii ya pili. Huambiwa ya kuwa siri ya nyumba ni ya nyumba, na mke mwema husitiri. Twakubali kusitiri ni kwema pale ambapo kuna mtu anayetubu. Lakini Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 18, ameweka njia: nenda kwake peke yenu, asiposikia, chukua mashahidi, asipowasikia, liambie kanisa. Hakusema ya kuwa njia hii ni ya wanaume tu. Lawino, asiyesoma Mathayo, ameifuata karibu hatua kwa hatua.

Kuhusu kicheko juu ya Kanisa, neno letu ni fupi. Lawino asimulia jinsi alivyoingia darasa la jioni ili abatizwe, akakariri maneno asiyoelezwa maana, mpaka akatoroka kwenda ngomani. Na mwalimu wa dini naye akafika ngomani, amelewa, akiwatazama wasichana kwa tamaa. Hapo sisi waalimu yafaa tuinamishe vichwa kabla ya kukasirika. Imani haikutukanwa na Lawino. Ilitukanwa na yule mwalimu, na Lawino ameleta habari tu. Na mumewe, ambaye ndiye Injili pekee aliyoiona mezani kwake kila siku, amemfundisha ya kuwa ubatizo ni kibali cha kudharau. Angaliipendaje?

Hata hivyo hatusemi ya kuwa wimbo huu hauna dosari. Ya kwanza yahusu Tina. Lawino amcheka kwa mwili wake, kwa nywele, kwa kifua, na twavumilia, maana ni kinywa cha aliyeumia. Lakini apita mpaka: adokeza ya kuwa labda mwanamke huyo ametoa mimba, labda amewatupa watoto chooni. Shahidi hana. Huu ni uzushi, na mwenye haki akiokota uzushi amechafua haki yake. Tena kwa kumtupia Tina matope hayo, ampunguzia Ocol mzigo wake. Maana aliyeweka nadhiri kwa Lawino ni Ocol, si Tina. Mtungaji angaliweza kumpa mwanamke huyu hata sura ya mtu. Amempa kinyago tu.

Ya pili yahusu mwisho. Lawino ashauri mumewe atibiwe, aoshwe masikio na ulimi, aombe radhi kwa wazee waliokufa; kisha ataka amchezee ngoma mbele yake ili amwone tena. Ni maneno mazuri, na ile mithali ya Waacholi juu ya boga la kiwanja cha kale, ya kwamba halipasi kung'olewa, yaingia moyoni kama ile yetu ya "Usiache mbachao kwa msala upitao." Lakini twauliza: mume amesema lini ya kuwa amekosa? Mke amepanga karamu ya upatanisho na mkosaji bado hajafungua kinywa. Hapo twasikia sauti ya mtungaji, mwanamume aliyetaka kushindanisha mambo ya kale na mapya, na kwa hamu hiyo akasahau kidogo kidonda cha mwanamke aliyemkopa ulimi. Ugonjwa wa Ocol si Uzungu tu. Wako waume wasiojua hata neno moja la Kiingereza, wasiokuwa na kitabu wala saa, nao hufanya yaleyale.

Okot mwenyewe yamkini alilitambua jambo hili, maana mwaka 1970 alitoa "Wimbo wa Ocol," ambamo mume apewa nafasi ya kujibu. Naye ajibuje? Neno lake la kwanza ni kumwamuru mwanamke anyamaze, afunge mizigo yake aende. Kisha aitukana Afrika yote kwa urefu, na shitaka la mkewe halijibu. Kwa hiyo anayesoma wimbo wa kwanza na asome wa pili, apate kuona ya kuwa Lawino hakumsingizia mtu.

Hukumu yetu basi ni hii. Wimbo wa Lawino ni kazi njema, yenye lugha iliyochotwa kisimani pake, yenye ucheshi, na yenye kilio cha kweli chini ya ucheshi. Mahali pawili umepungua, nasi tumepaonyesha. Kuuficha kwa sababu ya mapadre wachekwao ni kumfanyia Lawino lile alilofanyiwa na mumewe. Afadhali usomwe kwa sauti nyumbani, mume na mke wakiwapo wote wawili, na mume ndiye asome. Maneno ya mwanamke huyu yakipita katika kinywa cha mwanamume, huenda mahali fulani sauti yake ikakwama. Hapo na aweke kitabu chini, amgeukie aliye karibu naye, amwulize neno, kisha angoje jibu mpaka litoke.