"Watu Wote" siyo "Sisi Sote"

Kwenye vibanda vya filamu vya Bwaise veejay hanyamazi. Picha ikianza tu anaanza kutafsiri kwa Kiluganda, anaongeza utani wake, watu wanacheka hata mahali pa kulia. Jumamosi ile kwenye kikundi chetu cha vijana hatukuwa na veejay. Tulikuwa na laptopu ya kuazima, projekta ya kuazima, shuka ukutani, na vijana kama ishirini na tano: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wasudani Kusini. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na kila mtu alikuwa na sikio moja kwenye mfereji, maana Bwaise yetu mnaijua.

Filamu inaitwa Watu Wote. Ni ya mwaka 2017, dakika 22 tu. Iliongozwa na Katja Benrath akiwa mwanafunzi wa chuo kule Hamburg, Ujerumani, na mwaka 2018 iliteuliwa kugombea Oscar. Watu wanaongea Kiswahili na Kisomali. Palipoingia Kisomali, vijana wetu wa Kisenyi walitutafsiria.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa linaenda Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Huko Waislamu ndio wengi, na Wakristo wengi ni watu waliotoka mikoa mingine kutafuta kazi: walimu, wauguzi, wavunja mawe. Al-Shabaab walilisimamisha wakataka abiria wagawanyike, Waislamu huku, Wakristo kule. Kila mtu ndani alijua maana yake. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 22 Novemba 2014, wauaji hao walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatoa wasiokuwa Waislamu, wakaua watu 28. Siku kumi baadaye waliua wavunja mawe 36. Lakini safari hii Waislamu walikataa kugawanyika. Wanawake walitoa hijabu zao wakawafunika Wakristo. Waliwaambia wauaji: mtuue wote au mtuache. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata alifariki Nairobi.

Filamu inampa kazi ya kubeba kisa hiki mwanamke Mkristo anayeitwa Jua. Ugaidi umeshamnyang'anya watu wake, na anaingia kwenye basi akiwa na hasira na kila anayevaa kanzu. Salah anajaribu kumsemesha, Jua hataki. Hapo ndipo filamu ilinishika. Haikumfanya Jua kuwa malaika. Mtu aliyeonewa anaweza kuwa na roho chungu, anaweza kumwonea hata mtu mwema aliyekaa karibu naye, na bado uonevu uliompata ni uonevu.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe ni Mkristo wa upande wa Beni. Kwetu Wakristo ndio wengi, lakini ADF wanaua kwa jina la Uislamu. Tarehe 15 Januari 2023 walipiga bomu kanisani Kasindi watu wakiwa kwenye ibada. Hapa Bwaise mama mwenye nyumba wetu ni Mwislamu. Kodi ikichelewa anasubiri, hajawahi kutufungia mlango hata siku moja. Na mama yangu mpaka leo hajawahi kula chakula cha mama huyo. Anapokea sahani, anashukuru, akiingia ndani anawapa watoto wa jirani. Nilipomwona Jua amekunja uso pale dirishani, nilimwona mama.

Sasa niseme lawama zangu, kwa sababu baada ya filamu tulijaza karatasi ya swali moja, "Umejifunza nini?", na karibu wote waliandika "tupendane". Ninyi ndugu zetu wa mashirika mnazijua karatasi hizo. Hata mimi niliandika hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nikaona nimejidanganya.

Lawama ya kwanza: filamu inapima jinsi Wakristo wanavyotendewa kwa saa moja tu, saa ya bunduki. Hatumwoni Jua akitafuta nyumba Mandera, hatujui anasali wapi, jirani anamwitaje. Mtu mchache anaishi siku 365, na nyingi kati ya hizo hazina bunduki. Zina neno la sokoni, zina mwenye nyumba anayesema chumba kimeshachukuliwa. Huyo anayefunga mlango anaweza kuwa mtu yule yule ambaye siku ya bunduki atakuvisha hijabu. Binadamu tuko hivyo. Filamu haikugusa hapo.

Lawama ya pili: inaishia mapema. Baada ya mauaji ya 2014 walimu wengi waliotoka nje ya mkoa walikataa kurudi. Mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, mwezi wa Januari, tume ya walimu ya Kenya iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Nani alibaki bila mwalimu wa hesabu? Watoto Waislamu wa Kisomali. Risasi ilimlenga Mkristo, na hasara ikaingia mpaka darasani kwa mtoto Mwislamu. Salah alikuwa mwalimu. Hilo lingeweza kuwa moyo wa filamu nzima.

Mmoja wa watafsiri wetu alikuwa na lawama yake, na ilinikaa. Alisema: "Mandera sisi ni wengi. Ukipanda basi ukashuka Nairobi, sisi ni wachache." Akatukumbusha Aprili 2014, polisi waliposomba Wasomali mtaa wa Eastleigh na kuwafungia maelfu kwenye uwanja wa Kasarani. Ni kweli. Wingi wako unaishia mahali fulani barabarani. Ila hatukukubaliana mpaka mwisho. Kijana mmoja wa Kongo alimjibu kwamba Kasarani haiwafufui wale 28, na hata hao 28 hawaifanyi Kasarani kuwa haki. Kila deni lina daftari lake. Nilipenda jibu hilo.

Lakini lawama yangu kubwa ni ile hijabu. Tuliliangalia tendo lile tukapiga makofi, na mimi nilipiga. Ni tendo zuri kabisa. Ila angalia vizuri: Jua anaokolewa kwa kutoonekana. Kwa saa moja huo ni upendo. Je, ukitakiwa kuishi hivyo miaka yote?

Watu walipokuwa wanarudisha viti, mmoja wetu alibaki akijifanya anakunja shuka. Sitasema ni mvulana au msichana, wala anakaa mtaa gani. Mambo mengine nimeyabadilisha, na niliomba ruhusa kabla ya kuandika. Anatoka Somalia. Alisema polepole: "Yule dada alikuwa mgeni, ndiyo maana walimfunika. Mimi ni mtoto wao. Mimi nimejifunika mwenyewe mwaka wa tatu sasa." Nilichelewa kuelewa. Anasali Kikristo, kwenye simu, sauti ikiwa imezimwa. Katiba ya Somalia ya 2012 inasema hakuna dini nyingine inayoruhusiwa kuenezwa nchini isipokuwa Uislamu, lakini yeye hata haogopi katiba. Anaogopa shangazi yake ambaye wanalala naye chumba kimoja, na ambaye anampenda.

Sikuwa na jibu. Kikundi chetu kina kanuni za wizi, za ngumi, za matusi ya kabila. Kanuni ya mtu kama huyo hatuna. Basi lake halijasimamishwa na mtu yeyote, linaenda tu kila siku, na ndani hakuna anayejua kwamba yumo.

Nawaomba muiangalie filamu hii, kule Nakivale, Kyangwali, popote. Salah Farah anastahili kukumbukwa, na waliokataa kugawanyika wanastahili pia. Ila muangalie na jina lake. Kwa Kiswahili ni Watu Wote. Kwa Kiingereza limeongezewa maneno yenye maana ya "sisi sote". Sisi tunaoongea Kiswahili tunajua hayo ni mambo mawili. Watu wote naweza kuwataja nikiwa nimefunga mlango wangu. Nikisema sisi sote, na mimi nimo, mama yangu na ile sahani yumo, na yule aliyekuwa anakunja shuka lazima awe na mahali pa kukaa bila kujifunika.

Jumamosi ijayo tunarudia filamu, bila karatasi ya maswali. Mama amesema atakuja, kama mfereji haujafurika.