Anwani Inayoanzia Ulipo

Mgeni akikupigia simu kutoka kwenye matatu Waiyaki Way, humtajii nchi, kaunti wala sanduku la posta. Unamwambia ukishapita Uthiru sogea mlangoni, shuka Kinoo, vuka barabara, ingia kichochoro cha kwanza. Hayo yanamtosha.

Fundi wa tovuti mwenye mkono mzuri huzielekeza picha zake hivyohivyo. Haanzi na https na jina zima la tovuti, anaandika picha/soko.jpg, basi. Kivinjari hushika anwani ya ukurasa uliofunguliwa, hufuta kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho, kisha hubandika hapo maneno ya fundi. Nukta mbili na mkwaju humaanisha panda folda moja. Mkwaju ukitangulia, safari huanzia mlangoni pa tovuti. Roy Fielding aliziandika kanuni hizi katika waraka RFC 1808, Juni 1995, na mpaka leo hazijachuja.

Faida ya kuandika hivi huonekana siku ya kuhama. KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, ilipofungua majina yanayoishia .ke peke yake, mwaka 2017, mwenye .co.ke aliyetaka jina fupi angeweza kubeba folda zake zilivyo na kila picha ikabaki mahali pake. Aliyekuwa ameandika anwani nzima, jina la kale likishakufa, alibaki na visanduku vitupu ukurasa baada ya ukurasa. Kuhamia https kulileta usumbufu wa aina hiyohiyo.

Mimi lakini hupenda zaidi saa za kabla tovuti haijapanda mtandaoni. Stima imepotea, bando limeisha, betri ya laptopu bado ina uhai. Unafungua index.html moja kwa moja kutoka kwenye folda, na picha zote zinatokea. Ndiyo maana siutaki sana ule mkwaju wa mwanzo: faili ikifunguliwa hivi, mkwaju huenda kuitafuta picha kwenye mzizi wa diski, ambako haipo. Tena angalia herufi. Soko.JPG na soko.jpg ni kitu kimoja kwa Windows, ila seva ya Linux huziona faili mbili tofauti, na picha iliyong'aa nyumbani hupotea hewani.

Picha ya kwenye barua pepe ni habari nyingine. Huko hakuna ukurasa wa kuanzia, kwa hiyo iandikie anwani nzima, https na yote.