Mgeni Kizimbani: Uhakiki wa Usemi wa Serikali na Vyombo vya Habari kuhusu Kampuni za Magari za Kigeni Wakati wa Wito wa Marejesho

Limezoeleka dai kwamba kampuni ya magari ya kigeni inapolazimika kuyaita magari yake yarudi kwa marekebisho ya usalama, serikali na vyombo vya habari vya nchi husika huiandama kuliko vinavyoiandama kampuni ya nyumbani. Mfano unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule wa Toyota nchini Marekani kati ya mwaka 2009 na 2010. Makala haya yanalihakiki dai hilo kwa kuzichunguza kauli na picha zenyewe. Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba dai hilo lina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake. Ukiutafuta upendeleo katika ukubwa wa faini, hutaupata kwa urahisi. Unaonekana katika jambo gani liliaminika haraka, nani aliulizwa maswali, na aliulizwa lini.

Mkabala uliotumika ni Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hususani wazo la Teun van Dijk la mraba wa kiitikadi, ambalo kwalo mema ya "sisi" hukuzwa na mabaya yetu hufifishwa, ilhali kwa "wao" hufanyika kinyume chake. Mraba huu una manufaa na una hatari yake pia. Aliyeushika huweza kuona "sisi" na "wao" kila mahali, hata pale ambapo "wao" wamekosa kweli. Kuhusu istilahi, tunatumia "wito wa marejesho" badala ya "kuondoa sokoni", kwa kuwa gari huitwa karakana, hurekebishwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Anayeandika kwamba limeondolewa sokoni humfanya msomaji adhani kwamba limekufa.

Kisa chenyewe kilianza na msiba. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, California, gari aina ya Lexus lililoazimwa kwa muuzaji lilikwenda kasi bila kuzuilika na kuwaua watu wanne wa familia moja. Dereva alikuwa askari wa doria za barabara kuu ambaye siku hiyo hakuwa kazini. Mmoja wa abiria alikuwa amepiga simu ya dharura, na sauti yake ilirushwa mara nyingi katika televisheni. Chanzo kilichotajwa na wachunguzi kilikuwa cha kawaida mno: kapeti la miguuni lisilo la gari hilo, lililoikamata pedeli ya mafuta. Mwezi uliofuata Toyota ilitangaza hatua kuhusu makapeti ya magari yapatayo milioni 3.8, na tarehe 21 Januari 2010 ikayaita magari milioni 2.3 kwa sababu nyingine, yaani pedeli zilizoweza kukwama. Siku tano baadaye ilisimamisha uuzaji wa aina nane za magari nchini Marekani.

Hapo ndipo kauli za serikali zinapostahili kusomwa kwa makini. Mapema Februari, Waziri wa Uchukuzi Ray LaHood alisema kwamba idara yake ilikuwa bado haijamalizana na Toyota. Tarehe 3 Februari, mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, aliwashauri wenye magari yaliyoitwa waache kuyaendesha na wayapeleke kwa muuzaji. Saa chache baadaye alikiri kwamba aliteleza ulimi na kwamba alikusudia kusema wayapeleke yakatengenezwe. Kauli ya kwanza ni ya kuamuru, nayo inamhusu kila mwenye gari. Ya pili ni ufafanuzi, na ufafanuzi haukimbii kama amri. Hisa za Toyota zilishuka siku hiyohiyo. Hatusemi kwamba waziri alipanga hivyo. Tunasema kwamba kiongozi mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mshtakiwa alizungumza kwa lugha ya mtu anayemfukuza mwizi, na hakuna aliyeshangaa mpaka bei zilipoanguka.

Wanaoitetea Toyota hukumbusha kwamba wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa mwenye hisa nyingi za General Motors, takriban asilimia 61 baada ya kufilisika kwa kampuni hiyo mwaka 2009. Mwamuzi, wanasema, alikuwa na timu uwanjani. Hoja hii inavutia, ila tutaona hapa chini kwamba haijitoshelezi.

Televisheni ilikwenda mbali kuliko waziri. Tarehe 22 Februari 2010, siku moja kabla Bunge halijaanza kuihoji Toyota, kituo cha ABC kilirusha taarifa ya mwanahabari Brian Ross. Ndani yake, David Gilbert, mwalimu wa teknolojia ya magari katika Chuo Kikuu cha Southern Illinois, alionyesha jinsi gari la Toyota linavyoweza kuongeza mwendo ghafla kwa hitilafu ya umeme bila kompyuta ya gari kuitambua. Katika picha hizo mita ya mizunguko ya injini inaonekana ikipanda kwa kasi huku gari likiwa barabarani. Baadaye ilibainika kwamba picha ya mita ilichukuliwa gari likiwa limeegeshwa. ABC ilikiri na kuibadilisha. Ilibainika vilevile kwamba utafiti wa Gilbert ulipata fedha kutoka kwa mshauri wa usalama, Sean Kane, ambaye naye alilipwa na mawakili wanaoishtaki Toyota.

Tukio hili lilikuwa na kaka yake. Tarehe 23 Novemba 1986, kipindi cha 60 Minutes cha CBS kilionyesha gari la Audi 5000 likijiendea lenyewe, pedeli ikishuka bila mguu juu yake. Watazamaji hawakuambiwa kwamba gia boksi ilikuwa imetobolewa na kusukumiwa shinikizo kutoka nje. Mwaka 1989 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilihitimisha kwamba visa vingi vilitokana na madereva kukanyaga mafuta wakidhani wanakanyaga breki, ingawa mpangilio wa pedeli na mtikisiko wa mwendo wa injini vilichangia. Kufikia hapo mauzo yalikuwa yameporomoka. Audi iliuza magari zaidi ya 74,000 nchini Marekani mwaka 1985. Mwaka 1991 iliuza kama 12,000.

Visa hivi viwili, vilivyopishana kwa zaidi ya miaka ishirini, vinafanana katika jambo moja linalotuhusu sisi wahakiki. Katika vyote viwili, kasoro iliyochaguliwa ni ile isiyoonekana. Kapeti lililojikunja halina mvuto. Kila mtu analielewa na anaweza kulitoa kwa mkono. Mzimu ndani ya kompyuta una mvuto, hasa kompyuta hiyo ikiwa imesanifiwa mbali na watu wanaozungumza lugha nyingine. Alipofika mbele ya kamati ya Bunge tarehe 24 Februari 2010, rais wa kampuni Akio Toyoda aliomba radhi, akakiri kwamba kampuni ilikua haraka kupita kiasi, akajibu maswali kupitia mkalimani. Kila swali lilisikika mara mbili. Mkalimani ni haki ya anayehojiwa, lakini kwa mtazamaji anayetafuta majibu ya papo hapo, muda wa tafsiri hufanana na muda wa kukwepa.

Lakini je, "mgeni" huyu alikuwa mgeni kweli? Camry nyingi zilizouzwa Marekani ziliundwa Georgetown, Kentucky. Pedeli zilizoitwa zilitoka kwa CTS, kampuni ya Kimarekani ambayo wakati huo ilikuwa na makao yake Elkhart, Indiana. Zile za Denso, kampuni ya Kijapani, hazikuhusika na wito huo. Magavana wa Kentucky, Indiana, Alabama na Mississippi, majimbo yenye viwanda vya Toyota, waliliandikia Bunge kulalamikia namna kampuni hiyo ilivyokuwa ikitendewa. Kwao Toyota ilikuwa ajira za wapiga kura. Ugeni, basi, haukuwa sifa ya gari. Ulikuwa nafasi ndani ya usemi, na mtu aliweza kuwekwa ndani yake au kutolewa kulingana na anayesema.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa suala hili lina upande wa pili. Magari mengi ya barabara zetu yamenunuliwa yakiwa yametumika Japani. Wito wa marejesho humfuata mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishavuka bahari, barua haina anwani. Mjadala wa nani alimwonea nani huko Washington haumgusi dereva huyu hata kidogo, na hilo ni jambo ambalo nadharia ya "sisi" na "wao" haikulitengenezea kisanduku.

Nchini China, ambako televisheni kuu ni ya dola, hatua zote huunganishwa kuwa moja. Tarehe 15 Machi 2013, Siku ya Haki za Mlaji, kituo cha CCTV kiliishutumu Volkswagen kwa kasoro za gia boksi za DSG. Siku chache baadaye kampuni ilitangaza kuyaita magari 384,181. Tusifanye haraka kusema kwamba ilionewa: malalamiko ya wenye magari yalikuwepo muda mrefu, na mwaka 2012 kampuni yenyewe ilikuwa imerefusha dhamana ya gia boksi hizo hadi miaka 10. Televisheni ililazimisha jambo ambalo barua za wateja hazikuweza. Kilichobaki cha kuhoji ni kwa nini wateja hao walihitaji kipindi cha sikukuu.

Turudi kwa Toyota, kwa kuwa hapa ndipo watetezi wake hunyamaza. Tarehe 8 Februari 2011 serikali ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa wahandisi wa NASA uliochukua miezi kumi: haikupatikana hitilafu ya kielektroniki ya kueleza visa vya mwendo mkali. Wengi waliifunga hapo hadithi, kwamba Toyota imesafishwa. Haikuwa hivyo. Mwezi Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliilaumu programu ya gari la Camry la mwaka 2005 katika ajali iliyoua. Na tarehe 19 Machi 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa Wizara ya Sheria, ikikiri kwamba ilikuwa imewapotosha wateja kuhusu makapeti na pedeli. Nyaraka za ndani zilizofikishwa Bungeni zilikuwa zimeonyesha kampuni ikijivunia kuokoa dola milioni 100 kwa kuiwekea mipaka hatua ya mwanzo kuhusu makapeti, na ofisa wake mmoja wa mawasiliano, siku chache kabla ya wito wa Januari 2010, akiwaandikia wenzake kwamba wakati wa kuficha umekwisha.

Hapa ndipo taarifa ya ABC ilipofanya dhara lake kubwa, na dhara hilo haliipati Toyota peke yake. Kwa kukimbilia kasoro ya ajabu na kuisaidia kwa picha ya kubandika, kituo kiliipa kampuni kitu cha kukanusha kwa haki. Wiki kadhaa zikapotea katika kubishana juu ya mita ya mizunguko, wakati kosa lililothibitika baadaye lilikuwa la maneno: nani alijua nini kuhusu pedeli, na kwa nini hakusema. Mlaji aliyeshindwa kupata jibu hilo mapema ndiye aliyedhulumiwa.

Sasa tulinganishe na General Motors. Mwaka 2014 kampuni hii iliyaita magari madogo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia gari iliyoweza kujizima mwendoni, injini ikazimika na mifuko ya hewa ikashindwa kufumka. Dalili zilikuwa zimeonekana ndani ya kampuni tangu mwaka 2001. NHTSA ilipendekezewa kuchunguza mwaka 2007, ikaona hakuna haja. Ililiangalia tena suala hilo mwaka 2010, ikaliacha. Mwaka 2007 serikali haikuwa na hisa hata moja ya GM, ndiyo maana tulisema hoja ya umiliki haijitoshelezi. Wepesi wa kuisadiki kampuni ya nyumbani ulikuwepo kabla ya maslahi ya fedha. Fedha zilikuja kukuta mazoea.

Faini za kisheria zilitozwa kwa kiwango cha juu kabisa katika visa vyote viwili: dola milioni 16.375 kwa Toyota mwaka 2010, milioni 35 kwa GM mwaka 2014 baada ya kiwango kupanda. Katika mkataba na Wizara ya Sheria GM ililipa dola milioni 900 mwaka 2015, pungufu ya Toyota, na katika makubaliano yote mawili hakuna mtu binafsi aliyeshtakiwa. Tofauti ya milioni 300 inaweza kuelezwa kwa namna nyingi, ikiwemo ushirikiano wa GM na wachunguzi. Tofauti ya miaka saba ya ukimya haielezeki hivyo.

Kuna waraka mmoja wa GM unaostahili kusomwa katika kila darasa la isimu. Katika mafunzo ya ndani ya mwaka 2008, yaliyowekwa wazi na NHTSA mwaka 2014, wahandisi waliagizwa wasiandike neno "kasoro", badala yake waandike kwamba kifaa "hakifanyi kazi kama kilivyosanifiwa". "Tatizo" liliagizwa liwe "suala" au "hali". Orodha ya maneno ya kuepukwa ilikuwa na maneno 69. Van Dijk alizungumzia kufifisha mabaya ya "sisi". Hapa tunakuta kampuni imeuandika ufifishaji huo kama mwongozo wa kazi na kuufundisha. Toyota ilisubiri wengine waitafutie maneno, nayo ikapewa maneno makali. GM ilikuwa imeyatayarisha ya kwake miaka sita kabla ya kuulizwa.

Ilipoulizwa, ilitaja vifo 13. Mfuko wa fidia uliosimamiwa na Kenneth Feinberg ulipofunga hesabu mwaka 2015, ulikuwa umekubali madai ya vifo 124.